Nani Mwenye Mavuno? Sauti, Lugha na Umiliki katika Maisha na Kazi za Tsitsi Dangarembga

Ikisiri

Tsitsi Dangarembga wa Zimbabwe ni mwandishi wa riwaya, mwandishi wa miswada ya filamu na mwongozaji wa filamu. Wahakiki wengi wamemjadili kupitia riwaya yake ya kwanza, Nervous Conditions, huku kazi zake za filamu zikitajwa kwa kupita tu. Makala hii inazitazama fani hizo mbili kwa pamoja. Hoja yake kuu ni kwamba riwaya na filamu za Dangarembga zinaliendea swali moja: kile anachokizalisha mwanamke, yaani mazao, ujuzi, maneno na hadithi, ni mali ya nani? Makala inaonesha jinsi swali hilo linavyojitokeza katika matukio ya riwaya zake, katika majina na istilahi za ujamaa za Kishona, katika mazingira ya utengenezaji wa filamu, na katika uteuzi wa nafsi ya usimulizi. Pale inapofaa, mifano ya Kiswahili imetumika kwa ulinganishi.

1.0 Utangulizi

Katika sura za mwanzo za Nervous Conditions (1988), msichana aitwaye Tambudzai anaacha shule kwa sababu fedha iliyopo nyumbani inatosha ada ya kaka yake tu. Anaomba mbegu, analima kishamba chake mwenyewe na kupanda mahindi ili ajilipie. Mahindi yanapoanza kukomaa, yanatoweka. Mwizi ni kaka yake, Nhamo, ambaye anawagawia wenzake. Mwalimu mmoja anamsaidia msichana kuyauza mjini yaliyosalia, na huko mama mmoja wa Kizungu anatoa pauni kumi kwa ajili ya elimu yake. Habari zinapomfikia baba yake, mzee huyo anakwenda shuleni kuidai fedha hiyo. Hoja yake ni nyepesi: msichana ni wake, kwa hiyo fedha ya msichana ni yake pia.

Tukio hili limezoeleka kusomwa kama kielelezo cha ubaguzi wa kijinsia katika elimu. Usomaji huo ni sahihi, lakini hautoshi. Tambudzai hanyimwi nafasi tu. Ananyang'anywa kitu ambacho tayari amekizalisha kwa jembe lake. Unyang'anyi wa namna hii unajirudia katika kazi zote kuu za Dangarembga, na kwa kiasi fulani unajirudia hata katika safari yake mwenyewe ya uandishi. Makala hii inafuatilia marudio hayo.

2.0 Maisha na Mazingira ya Uandishi

Dangarembga alizaliwa mwaka 1959 huko Mutoko, katika nchi iliyoitwa wakati huo Rhodesia ya Kusini. Wazazi wake walikuwa walimu wasomi, na mama yake anatajwa kuwa mwanamke Mwafrika wa kwanza nchini humo kupata shahada ya kwanza ya chuo kikuu. Akiwa na umri wa miaka miwili, alipelekwa Uingereza, ambako wazazi wake walikwenda kusoma. Aliporejea miaka minne baadaye, Kiingereza ndicho kilichokuwa kimekaa kinywani mwake. Kishona, lugha ya nyumbani, alilazimika kujifunza upya. Ujuzi huu wa utotoni ni ufunguo wa riwaya zake: karibu kila mhusika anayepata elimu ya Kiingereza humo anaulipia kwa kupoteza kitu kinywani.

Mwaka 1977 alirudi Uingereza kusomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Cambridge, lakini hakumaliza. Alirejea nyumbani nchi ilipokuwa ikipata uhuru mwaka 1980. Katika Chuo Kikuu cha Zimbabwe alisoma saikolojia, akajiunga na kikundi cha maigizo na kuanza kuandika tamthilia. Aidha, alifanya kazi ya kuandika matangazo ya biashara, kazi ambayo ingejitokeza tena katika riwaya yake ya pili. Tamthilia yake, She No Longer Weeps, ilichapishwa Harare mwaka 1987.

Muswada wa Nervous Conditions ulikataliwa na wachapishaji wa nyumbani. Ulikuja kupokelewa London na The Women's Press, kampuni iliyojishughulisha na vitabu vya wanawake, na kuchapishwa mwaka 1988, miaka kadhaa baada ya kukamilika. Mwaka uliofuata riwaya hiyo ilipata Tuzo ya Waandishi wa Jumuiya ya Madola kwa kanda ya Afrika. Hutajwa kuwa riwaya ya kwanza ya Kiingereza kuchapishwa na mwanamke Mweusi wa Zimbabwe.

Sifa hiyo inahitaji kuelezwa kwa uangalifu. Haimaanishi kwamba kabla yake wanawake wa nchi hiyo walikuwa kimya. Barbara Makhalisa, kwa mfano, alikuwa amekwisha kuchapisha riwaya ya Kindebele, Qilindini, mwaka 1974. Hata hivyo, uandishi wa Kishona na Kindebele ulikuwa umelelewa na Idara ya Fasihi iliyoundwa na serikali ya kikoloni katika miaka ya 1950, taasisi inayofanana kwa kiasi na ile ya Fasihi ya Afrika Mashariki inayofahamika kwa wasomaji wa Kiswahili. Idara hiyo ilizipa lugha za wenyeji vitabu, lakini iliziwekea mipaka: siasa haikuruhusiwa kuingia. Kwa hiyo mwandishi aliyetaka kuzungumzia ukoloni na mfumo dume kwa pamoja alijikuta mbele ya milango miwili yenye ulinzi. Lugha ya mama ilikuwa na mlezi aliyeikagua, na Kiingereza kilikuwa na wachapishaji walioamua mwanamke Mwafrika aseme nini.

3.0 Mavuno Yanayochukuliwa

Riwaya tatu za Dangarembga zinamfuatilia Tambudzai kuanzia utoto hadi utu uzima. Ya kwanza inaishia anapoingia katika shule ya watawa yenye wanafunzi wengi wa Kizungu. Ya pili, The Book of Not (2006), inamkuta humo wakati vita vya ukombozi vikipamba moto. Ya tatu, This Mournable Body (2018), inamkuta Harare, amekwisha kuacha kazi, anaishi katika bweni la wasichana ingawa umri wa usichana umempita.

Zikisomwa kwa mfululizo, riwaya hizi zinaonesha muundo ulio wazi. Katika riwaya ya kwanza mahindi ya Tambudzai yanaibwa na kaka. Katika ya pili, anapata matokeo bora zaidi ya mtihani shuleni, lakini kikombe cha ushindi kinakabidhiwa msichana wa Kizungu, Tracey. Baada ya uhuru anaajiriwa katika kampuni ya matangazo. Huko anabuni maneno ya tangazo yanayosifiwa na wote, na sifa anapewa mfanyakazi mwenzake Mzungu. Mwizi hubadilika, naye ni kaka, kisha shule, kisha ofisi. Kinachoibwa nacho hubadilika: kwanza zao la mkono, kisha zao la akili, kisha zao la lugha yenyewe.

Mabadiliko hayo yana maana. Mahindi yakiibwa, aliyeibiwa anaweza kumkaba mwizi, na Tambudzai anafanya hivyo hasa. Maneno yakiibwa, hakuna shati la kushika. Ndiyo maana msichana aliyepigana na kaka yake mavumbini anakuwa mwanamke anayenyamaza ofisini na kuandika barua ya kuacha kazi kwa kisingizio cha uongo. Elimu ambayo ilipaswa kumpa sauti imemfundisha adabu ya kutodai.

Msomaji wa Kiswahili anaweza kuikumbuka hapa Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971), ambayo nayo inamfuata msichana aliyelelewa kwa ukali hadi elimu inapomtoa nyumbani. Tofauti ya msingi iko kwa msimulizi. Rosa anasimuliwa na sauti iliyo nje yake, wakati Tambudzai anajisimulia. Anaanza kwa kutangaza kwamba kifo cha kaka yake hakikumhuzunisha. Kauli hiyo nzito inakuwa dai lake la kwanza la umiliki: hadithi ya msiba huu si ya marehemu, wala ya ukoo. Ni ya msichana aliyebaki.

4.0 Majina na Istilahi za Ujamaa

Ingawa Dangarembga aliandika kwa Kiingereza, yako maneno ambayo hakukubali kuyatafsiri. Baba mkubwa wa Tambudzai, mkuu wa shule ya misheni, anaitwa Babamukuru kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mkewe ni Maiguru, na shangazi ni Tete. Neno la Kiingereza la mjomba, ambalo halitofautishi kaka wa baba na kaka wa mama, wala mkubwa na mdogo, lisingebeba uzito wa Babamukuru. Mamlaka ya mtu huyu nyumbani hayatokani na shahada zake pekee. Yamo ndani ya jina analoitwa.

Kwa mzungumzaji wa Kiswahili istilahi hizo hazihitaji maelezo marefu. Babamukuru ni baba mkubwa, na Maiguru ni mama mkubwa. Mzizi wa Kishona -kuru na ule wa Kiswahili -kuu ni ndugu wa asili moja ya Kibantu. Hapa kuna jambo la kuzingatiwa na mfasiri: sehemu ambazo ni ngeni kwa msomaji wa Kiingereza ndizo zilizo nyumbani kwa msomaji wa Kiswahili. Tafsiri ya Kiswahili ingeirudisha riwaya hii karibu na kwao kuliko lugha iliyoandikwa.

Majina ya watu nayo yana kazi. Nhamo maana yake ni shida au taabu, na Nyasha ni rehema au neema. Tambudzai linatokana na kitenzi chenye maana ya kusumbua au kutaabisha. Mtoto wa kiume, tumaini la ukoo, anabeba jina la shida. Msichana anayetarajiwa kutulia anabeba jina la usumbufu. Nyasha, binamu aliyekulia Uingereza, anaitwa neema, lakini ndiye anayekataa chakula cha baba yake hadi mwili unamwishia, na ndiye anayekirarua kitabu cha historia kwa meno kwa sababu kimejaa uongo wa wakoloni. Msomaji wa Kiingereza asiyejua Kishona anayakosa haya yote. Mwandishi ameyaacha humo bila ufafanuzi, kama akiba ya wenyewe.

5.0 Kutoka Ukurasa hadi Skrini

Mwaka 1989, akiwa ndiyo kwanza anajulikana kimataifa, Dangarembga alikwenda Berlin kusomea uongozaji wa filamu. Uamuzi huo una mantiki. Riwaya ya Kiingereza inamfikia aliyesoma na mwenye uwezo wa kununua kitabu. Filamu inaweza kumfikia hata mama wa Tambudzai, ambaye hajui kusoma.

Kazi ya filamu iliyomtambulisha nyumbani ni Neria, iliyotoka mwanzoni mwa miaka ya 1990. Hadithi ni ya Dangarembga, na mwongozaji ni Godwin Mawuru. Inamhusu mwanamke aliyejenga maisha mjini pamoja na mumewe kwa jasho la wote wawili. Mume anapofariki ghafla, shemeji anajitwalia mali kwa kisingizio cha mila, na mjane anakwenda mahakamani. Nyuma ya hadithi hiyo kuna historia ya sheria: mwaka 1982 Zimbabwe ilipitisha sheria iliyomtambua mwanamke Mweusi mwenye umri wa miaka 18 kuwa mtu mzima, badala ya kuwa chini ya ulezi wa mwanamume maisha yake yote. Kwa hiyo Neria ni ndugu wa shamba la mahindi. Swali ni lilelile, ila mdai sasa ana mahali pa kulipeleka. Mazungumzo ya filamu ni ya Kiingereza, lakini wimbo unaomliwaza mjane, wa Oliver Mtukudzi, ni wa Kishona, na kwa watazamaji wengi ndio uliobaki moyoni.

Hata hivyo, filamu ina mabwana wengi kuliko riwaya. Muswada wa Neria uliandikwa na Louise Riber kutokana na hadithi ya Dangarembga, na utayarishaji ulikuwa wa asasi ya maendeleo iliyokusudia filamu ifundishe haki za mirathi. Everyone's Child (1996), ambayo Dangarembga aliiongoza, ilitokana na hadithi ya Shimmer Chinodya na inahusu watoto walioachwa yatima na UKIMWI. Inatajwa kuwa filamu ndefu ya kwanza kuongozwa na mwanamke Mweusi wa Zimbabwe. Filamu zote mbili zilitengenezwa katika mfumo ambao mfadhili huamua somo kabla mwandishi hajashika kalamu. Mfumo huo haukuishia Zimbabwe. John na Louise Riber baadaye walifanya kazi Tanzania, ambako walitayarisha tamthilia ya televisheni ya Kiswahili, Siri ya Mtungi.

Haitakuwa haki kuzibeza filamu za namna hii. Zimewafikia watu wengi na kuwafahamisha wajane haki zao. Lakini zina gharama ya kisanaa. Mhusika anayetumikia somo hana ruhusa ya kuwa na kinyongo, husuda au ukatili, mambo ambayo ndiyo yanayomfanya Tambudzai awe mtu kamili. Neria ni mwema kabisa. Tambudzai hakulia kaka yake alipokufa.

Tofauti inaonekana katika filamu fupi ya Kishona, Kare Kare Zvako (2005). Hapa Dangarembga alichukua ngano ya jadi: wakati wa njaa kali, baba anamuua mama wa watoto wake ili amle, lakini mama hakubali kulika. Hadithi inakwenda kwa nyimbo na ngoma, na haimfundishi mtazamaji namna ya kujaza fomu yoyote. Neno kare katika anwani ni kale ya Kiswahili, na fomula za kufungua ngano katika lugha hizi mbili nazo zinafanana kwa umbo. Mtambaji wa Kishona husema "Paivapo", mtambaji wa Kiswahili husema "Paukwa", na kila mmoja huanza kwa kiambishi cha mahali pa-, kana kwamba ngano haiwezi kuanza kabla ya kupatikana mahali pa kusimama. Si ajabu kwamba filamu hiyo ilitunukiwa katika Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar. Mama anayekataa kuliwa ni jibu la kisanii kwa swali la umiliki: hata mwili wake si chakula cha mwingine.

Dangarembga alielewa pia kwamba muswada mmoja hautoshi pasipo taasisi. Baada ya kurejea Zimbabwe kutoka Ujerumani alijishughulisha na umoja wa wanawake watengenezaji filamu, na mwaka 2002 alianzisha mjini Harare tamasha la kimataifa la filamu zinazohusu wanawake.

6.0 Nafsi ya Pili: Sauti Iliyogawanyika

Mabadiliko makubwa ya kiisimu katika riwaya hizi ni ya nafsi ya usimulizi. Riwaya mbili za kwanza zinasimuliwa kwa nafsi ya kwanza. Katika This Mournable Body Tambudzai anajisimulia kwa nafsi ya pili umoja. Yule aliyeanza kwa kusema "mimi" kwa ujasiri sasa anajiita "wewe". Baada ya mahindi, kikombe na maneno, kinachopotea mwishoni ni kiwakilishi cha nafsi yake.

Mbinu hii ingekuwa na athari ya pekee katika Kiswahili. Kiingereza hutaja kiwakilishi mara moja na kuacha vitenzi vikifuata. Kiswahili hubandika kiambishi u- katika kila kitenzi: unaamka, unajitazama, unaficha, unakimbia. Kila tendo lingekuwa na kidole kinachomwelekea mtendaji. Vilevile, katika Kiswahili nafsi hiyo ndiyo ya methali na mawaidha. Anayeambiwa kwamba akitaka cha mvunguni sharti ainame huambiwa kwa u-. Katika utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa takribani mwaka 1858, mama anamuusia binti yake kwa nafsi hiyohiyo. "Wewe" wa wasia ana mtu anayempenda upande wa pili. "Wewe" wa Tambudzai hana mzee wala mama wa kumuusia. Anayesema na anayeambiwa ni mtu mmoja aliyepasuka.

Ni muhimu pia kwamba riwaya hii inakaribia mwisho wake mbele ya kamera. Tambudzai, akiwa ameajiriwa na Tracey yuleyule wa shuleni, anawapeleka watalii kijijini kwao, na wanawake wa huko, mama yake akiwamo, wanatakiwa kucheza ngoma wakiwa wazi vifua. Mama anamvamia mtalii anayempiga picha. Mwandishi aliyetumia miaka mingi nyuma ya kamera anamwachia mama asiyejua kusoma hukumu juu ya chombo hicho: picha yake si mavuno ya mgeni.

7.0 Maneno Mbele ya Mahakama

Mwishoni mwa Julai 2020 This Mournable Body iliingia katika orodha ya awali ya Tuzo ya Booker, na baadaye ikafika fainali. Siku chache baada ya orodha hiyo kutangazwa, tarehe 31 Julai, Dangarembga alikamatwa Harare akiwa na mwenzake mmoja barabarani, wameshika mabango. Lake lilidai mageuzi ya taasisi za nchi. Mwezi Septemba 2022 mahakama ilimtia hatiani kwa kuchochea vurugu, ikamtoza faini na kumpa kifungo cha miezi sita kilichoahirishwa. Mwezi Mei 2023 Mahakama Kuu iliifuta hukumu hiyo. Katikati ya kesi, mwaka 2021, alipokea Tuzo ya Amani ya Wauza Vitabu wa Ujerumani na Tuzo ya PEN Pinter ya Uingereza.

Mwandishi ambaye wahusika wake huporwa maneno alijikuta akishtakiwa kwa sababu ya maneno aliyokiri kuwa yake. Mjane wa Neria alikwenda mahakamani kudai. Mtunzi wake alipelekwa huko kujibu.

8.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba riwaya na filamu za Tsitsi Dangarembga ni shamba moja lenye matuta mawili. Katika riwaya alipata uhuru wa sauti, kwa gharama ya kuwa mbali na wasemaji wa Kishona. Katika filamu aliwakaribia, kwa gharama ya kugawana hadithi na mfadhili. Kare Kare Zvako inaonesha kinachowezekana lugha ya nyumbani, sanaa ya jadi na mamlaka ya mtunzi vinapokutana.

Kwa wataalamu wa Kiswahili, mafunzo ni mawili. Kwanza, kazi hizi zinastahili kutafsiriwa, na ukaribu wa Kishona na Kiswahili katika istilahi za ujamaa, viambishi vya nafsi na fomula za ngano unampa mfasiri nyenzo ambazo Kiingereza hakina. Pili, uhakiki wa filamu na tamthilia za televisheni za Kiswahili hauwezi kuishia katika dhamira na wahusika. Lazima uulize pia nani aliyechagua somo, nani aliyelipia, na jina la nani limebaki kwenye hadithi. Msichana wa Nervous Conditions aliuliza swali hilo akiwa na jembe mkononi, na bado halijapata jibu la kumtosha.